Pampu ya maji Lamu: ununue kinga gani kwanza?

Mota za pampu huku kwetu huuliwa na vitu viwili, joto na unyevu, na tabu ni kwamba dawa ya kimoja mara nyingi ndiyo sumu ya kingine. Ukiifunika mota isilowe, umeiziba isipumue. Ukiiacha wazi ipate upepo, kusi inaijia na chumvi. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue kinga gani, mimi humuuliza kwanza: pampu imekaa wapi, inavuta kisima au birika la kuhifadhia maji, na ikikwama saa nane usiku kuna mtu karibu?

Nitazungumzia zaidi zile pampu ndogo za nusu hosipawa, wati 370, zinazovuta maji kutoka kisimani au kwenye birika na kuyapandisha kwenye tangi la juu. Ndizo nyingi Mkomani, Langoni na Shela, na ndizo zinazoungua zaidi. Pampu za fezi tatu za mahotelini Malindi zina habari yake kidogo, nitazifikia.

Vifaa vya kwenye waya

Karibu kila nyumba ina breka ya kawaida kwenye boksi, na karibu kila mwenye nyumba anaamini hiyo ndiyo inayolinda pampu. Hebu tupige hesabu. Pampu ya wati 370 kwenye volti 240 huvuta takriban ampea 2.5. Impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, ikishika kabisa, mota ikawa inanguruma tu bila kuzunguka, inaweza kuvuta mara nne au tano ya hapo, yaani ampea 10 hadi 12 na kitu. Breka iliyofungwa ni ya ampea 16 au 20. Kwa breka hiyo, mota inayoungua ni sawa na pasi ya nguo: mzigo wa kawaida, haina sababu ya kukata. Breka imewekwa kulinda waya wa ukutani. Habari za mota haizijui.

Vifaa vinavyoweza kuongezwa ni hivi, nikivipanga ubavu kwa ubavu (koili ni nyaya zilizozungushwa ndani ya mota, thamo ni swichi inayokata kwa joto, ovalodi hukata mota ikivuta ampea kupita kiasi, na floti ni boya linalowasha na kuzima):

| Kifaa | Kinachoona | Kisichoona | Kikikata |
|---|---|---|---|
| Thamo ya ndani ya koili | Joto la koili lenyewe | Maji kuisha mapema, volti | Hujirudisha chenyewe ikipoa |
| Ovalodi, au breka ya mota yenye namba za kuzungusha | Ampea kuzidi, impela kushika | Maji kuisha, feni kuziba | Mtu lazima aje abonyeze |
| Gadi ya volti | Stima kushuka au kupanda | Chochote kinachotokea ndani ya pampu | Hujirudisha baada ya dakika chache |
| Floti au vijiti vya kupima maji | Maji kuisha | Ampea, volti, joto | Hujirudisha maji yakipanda |
| Breka ya kuvuja stima, miliampea 30 | Stima inayotoroka kwenda ardhini | Joto na mzigo | Mtu hurudisha |

Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu, nunua ovalodi. Sisiti katika hilo. Watu wengi hukimbilia gadi ya volti kwa sababu ndiyo waliyoizoea kwenye friji, inauzwa kila duka, na haihitaji fundi, unachomeka tu. Mama mmoja wa Langoni alinipokea mlangoni na malalamiko: "Mwanangu, gadi nimenunua, mbona mota imeungua tena?" Nikamwambia, "Mama, gadi inaangalia stima inayoingia ndani. Habari za pampu yenyewe haizijui." Tulipofungua kichwa cha pampu, impela ya shaba ilikuwa imeshikana na ukuta wa chuma kwa kutu, nafasi kati yao ikiwa nyembamba kama ilivyo kawaida ya pampu hizi. Ilikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, siku ikawashwa ikanguruma, na koili ikawa nyeusi na kunuka vanishi iliyoungua. Gadi ilikuwa inawaka taa ya kijani wakati wote. Ilikuwa sahihi: stima ilikuwa nzuri.

Ovalodi ingeikata ile mota kabla haijafika huko, mradi iwe imewekwa kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi huifunga, pampu ikikata mara mbili tatu, anapandisha namba mpaka inyamaze. Ovalodi iliyonyamazishwa hivyo ni pambo. Ikiwa inakata, kuna kitu: kapasita inayoisaidia mota kuanza imechoka, beringi imeanza kushika, stima ni ndogo, au kuna anayebana valvu. Jambo jingine la kumkumbusha fundi: ovalodi nyingi za madukani ni za fezi tatu. Ukiifunga kwenye pampu ya fezi moja, stima ipitishwe njia zote tatu, iingie hapa itoke pale irudi tena, la sivyo baadhi yake hudhani fezi imepotea na kukata bila kosa. Breka ya mota yenye namba za kuzungusha ina sharti hilo hilo, ila inachukua nafasi ndogo na haihitaji kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa kwa stima. Kwa nyumba ya kawaida mimi huipendelea.

Thamo ya ndani inakuja na pampu nyingi zenye jina, na ni kitu kizuri kwa sababu inapima joto lenyewe. Hata feni ikivunjika au ikizibwa na gunia, itajua. Udhaifu wake ni kujirudisha. Pampu iliyoshika itanguruma, ipate moto, thamo ikate, ipoe, inyanyuke, inangurume tena, usiku kucha. Kila mzunguko unakula vanishi ya koili kidogo. Pia kuna hatari kwa mtu: unaikuta pampu imezima, unatia bisibisi upande wa feni ili uzungushe shafti, na thamo inaamua imeshapoa. Kata stima kwenye swichi kwanza, kila mara.

Gadi ya volti siidharau. Stima ikishuka, nguvu ya kuzungusha hushuka kwa mraba wake: volti zikipungua kwa asilimia 10, nguvu ya kuzungusha inabaki asilimia 81 tu, na mota inajitahidi kwa kuvuta ampea zaidi. Nyumba zilizo mwisho wa laini, hasa jioni kila mtu akiwasha taa na feni, zinaihitaji kweli. Faida yake nyingine ni kule kusubiri dakika chache stima ikirudi, maana stima ya huku ikikatika huwa inarudi na kukatika tena kabla haijatulia. Basi iwe ya pili kununuliwa, au ya kwanza kama taa zako zinafifia kila jioni.

Kuhusu breka ya kuvuja stima, iliyo kwenye jedwali mwisho: kazi yake ni kulinda roho ya mtu anayegusa pampu kwenye sakafu yenye maji, na kwa hiyo haiingii kwenye mashindano. Inatakiwa iwepo. Lakini inasema jambo jingine watu wasilolisikia. Ikianza kukatakata wakati wa masika, ujue mota au boksi lake la waya limeshaingia unyevu. Nimeona nyumba nyingi breka hiyo imerukwa kwa kipande cha waya "kwa sababu inasumbua".

Maji kuisha: hapo joto na unyevu hukutana

Pampu ikivuta hewa, mota yenyewe haichemki sana. Ampea hata hushuka. Kinachoungua ni sili, ile inayozuia maji yasifuate shafti. Sili hupozwa na maji ya pampu. Bila maji inapata moto, uso wake unachubuka, na siku maji yakirudi yanaanza kudondoka kati ya pampu na mota. Tone hilo hurushwa na shafti mpaka kwenye beringi ya mbele, grisi inaoshwa, kutu inaingia, na kwa upenyo huo huo unyevu unafika kwenye koili. Mwenye nyumba atakwambia mota imeingia maji ya mvua, kumbe ilianza na birika tupu miezi iliyopita. Ukiona tone chini ya shingo ya pampu, badilisha sili wiki hiyo hiyo. Ni kazi ndogo ukilinganisha na mota.

Kinga ziko tatu za kuchagua. Floti ni rahisi na hufaa sana kwenye birika pana. Kwenye kisima chembamba hujinasa kwenye kamba au bomba, na ikinasa juu haina kazi. Vijiti vya chuma vinavyopima maji kwa stima ndogo hufaa kisimani, ila maji ya chumvi hula vijiti hafifu, kwa hiyo viwe vya chuma kisichoshika kutu na viwe vya kusafishwa ukoko mara kwa mara. Ya tatu ni kile kidude cha elektroniki kinachokaa kichwani mwa pampu, kinawasha ukifungua bomba na kuzima maji yakikosekana. Kinapendeza, na Nairobi sina neno nacho. Huku, kibodi chake cha ndani hakipendi hewa ya chumvi wala stima inayopanda na kushuka, na kikiharibika maji hamna. Kwa birika mimi huweka floti.

Kisima cha karibu na bahari kina jambo lake la ziada. Maji tamu ya kule Shela, yanayolisha mji wa Lamu, yamekaa chini ya michanga yakielea juu ya maji ya bahari. Kwa kila mita moja ya maji tamu iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 chini yake. Ukivuta kwa pupa, chumvi hupanda kutoka chini kuja kwenye bomba lako. Kwa hiyo watu hutaka kupunguza mwendo wa pampu, na wengi hubana valvu ya upande wa kutoa. Hapo angalia una pampu gani. Pampu ya sentrifuga ukiibana, ampea hushuka. Hizi ndogo za impela yenye meno ya pembeni ni kinyume: ukiibana, presha hupanda na ampea nazo hupanda, mota ikachemka. Nimeshaitwa kwenye mota iliyokuwa ya moto hata mkono haukai, na dawa ikawa kufungua valvu tu. Kama kisima chako ni dhaifu, nunua pampu ndogo zaidi au ivute kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko.

Pampu ikae wapi

Mota nyingi hutengenezwa kwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40. Koili za daraja la F huvumilia nyuzi 155, daraja la B 130, na mafundi wa mota wana kanuni yao ya mkato kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango hukata umri wa koili nusu. Sasa chukua kisanduku cha bati, kiweke juani mwezi wa Februari kaskazi ikiwa imetulia, weka mota ndani inayojipuliza hewa ile ile. Mchana ni tanuri. Usiku bati linapoa, hewa ya ndani inatoa jasho, na jasho linadondokea mota. Sanduku moja limekupa magonjwa yote mawili. Hata hivyo ndilo ninaloliona zaidi, kwa sababu linafungwa kwa kufuli. Ukiogopa wizi, tengeneza kizimba cha nondo.

Karatasi ya nailoni iliyofungwa kwa kamba ni mbaya vilevile, na gunia lililolowa ni baya zaidi.

Paa fupi lililo wazi pande zote ndilo chaguo langu kwa pampu ya nje. Makuti hushinda bati hapa: hayatoi jasho usiku na hayapashi hewa ya chini moto. Hasara ni kwamba yanahitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka na panya wanayapenda, na panya wakifika waya huliwa. Weka paa upande wa ukuta unaokinga kusi, kwa sababu upepo huo unatoka baharini na ndio unaobeba chumvi. Nyanyua pampu juu ya matofali mawili, acha nafasi ya kiganja nyuma ya feni, na waya ushuke chini kwanza ndipo upande kuingia kwenye boksi, ili maji yanayofuata waya yadondokee chini kabla ya kufika. Tundu la waya lililobaki wazi lizibwe. Mjusi akiingia humo na kukauka kati ya nyuzi mbili, hakuna ovalodi itakayokuokoa na mlipuko wa kapasita.

Ndani ya nyumba ya mawe ni kuzuri kuliko wengi wanavyodhani. Kuta nene za matumbawe huweka baridi, mvua haifiki, na pampu iliyo chini ya ngazi karibu na birika huishi miaka. Lakini ukuta ule hutoa unyevu wenye chumvi. Usiiegemeze mota ukutani wala usiifunge kwenye kabati la mbao lisilo na matundu. Kelele nazo zipo, na kama chumba cha wazee kiko juu yake utasikia.

Namba za IP kwenye kibati, zinazoonyesha mota imezibwa kiasi gani, zisikudanganye. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji: 4 ni matone ya kurukiwa kila upande, 5 ni maji ya kumwagiwa kwa mpira. Mota ya IP55 ni bora kuliko ya IP44 kwa pampu ya nje, na kama tofauti ya bei inavumilika ichukue. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia hewa yenye unyevu, ambayo mota huivuta yenyewe kila inapopoa. Mota nyingi zina kitundu cha kutolea maji. Angalia kiwe upande wa chini na kisiwe kimezibwa kwa rangi.

Je, kuizamisha kabisa?

Pampu ya kuzama inakaa ndani ya maji, kwa hiyo jua, mvua na upepo havina kesi nayo. Nikisema hivyo watu hudhani nimemaliza. Mota hiyo hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Kwenye kisima kirefu chembamba maji yanalazimika kupita. Kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono, upana wa mita moja, maji huingia kwenye pampu kutoka juu na kuacha mota imekaa kwenye maji yaliyolala, ikichemka taratibu. Hapo inahitaji kuvishwa bomba pana la plastiki linalolazimisha maji yapite chini kwanza. Ukiilaza chini kabisa inavuta mchanga. Chumvi hutoboa hata chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304. Daraja la 316 hudumu zaidi na ni ghali zaidi. Na kiungo cha waya kilichofungwa kwa tepu ya dukani badala ya mfuko wa rezini ndicho mlango wa maji.

Kwa nyumba yenye kisima kifupi na maji yaliyo ndani ya mita saba hivi, ambako pampu ya juu bado inafikia kuvuta, sioni sababu ya kuzamisha. Ukiona tatizo kwenye pampu ya juu unaligusa kwa mkono. Ya chini unalijua siku inapokufa. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo huna hiari, zamisha, na hesabu yako iwe na ovalodi na vijiti vya maji tangu siku ya kwanza.

Malindi, kwa wenye hoteli na mashamba: maji ya mji yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki na hupandishwa kutoka tangi la chini, hivyo pampu zenu mara nyingi ni kubwa na za fezi tatu, volti 415. Adui wa kwanza hapo ni fezi moja kupotea. Mota inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili, ikichemka. Ovalodi peke yake inaweza kuchelewa. Ongeza rilei ya fezi, inayokata mota fezi moja ikipotea, haina gharama kubwa mbele ya mota ya saizi hiyo. Na tafadhali, asidi ya bwawa la kuogelea isiwekwe chumba kimoja na pampu. Mvuke wake unakula mota, kontakta na kila skrubu kwa kasi ambayo bahari haiwezi.

Nyumba inayofungwa miezi

Hili ni la Shela zaidi, kwenye nyumba za wageni wanaokuja kwa msimu. Mota inayofanya kazi kila siku hujikausha kwa joto lake. Inayolala huvuta unyevu usiku baada ya usiku, na impela inashika kutu. Mwachie mlinzi kazi ya kuiwasha dakika tano kila wiki, maji yakiwepo. Mwonyeshe pia kuzungusha shafti kwa bisibisi upande wa feni, swichi ikiwa imezimwa, kabla ya kuiwasha baada ya kukaa muda mrefu. Ikiwa hakuna mlinzi, toa maji yote kwenye pampu kabla ya kufunga nyumba.

Ukirudi, kabla ya kuwasha mwite fundi mwenye mega, kifaa cha kupima kama koili inavujisha stima, apime koili kwa volti 500. Ikisoma chini ya megaomu moja, isiwashwe, ikaushwe kwanza. Iliyoingia maji ya bahari ifunguliwe na koili ioshwe kwa maji tamu kabla ya kukaushwa kwenye joto la nyuzi 80 au 90, maana chumvi iliyobaki itavuta unyevu tena hata ukiianika juani mwezi mzima. Halafu ipimwe tena, ipakwe vanishi.

Kuhusu kufunga koili upya: kwa mota kubwa inalipa. Kwa ile ya nusu hosipawa, uliza kwanza kama koili ni ya shaba au ya alumini, na uliza bei ya pampu mpya siku hiyo hiyo. Ikiwa gharama ya kufunga imevuka nusu ya bei ya pampu mpya, nunua mpya, na uifungie ovalodi.